SOMO: Mawe ya tochi, redio na rimoti, jinsi ya kuyatumia yadumu na kuyatupa bila kuumiza mtu

Habari zenu wakuu. Juzi nimefungua redio ya mama, ilikaa kabatini muda mrefu na mawe yake ndani, nikakuta springi zimeota ukoko wa kijani na uchafu umetiririka mpaka kwenye sakiti, redio nzima imekufa kwa sababu ya betri nne tu. Imeniuma sana ndo maana naandika.

Hatua ya 1, kununua. Haya mawe ya bei rahisi ni ya kaboni na zinki, na kile kikopo chenyewe ndo zinki, kadiri unavyotumia kinaliwa, kinakuwa chembamba mwisho kinatoboka. Kwa saa ya ukutani na rimoti yanatosha kabisa. Tochi au redio inayoimba kutwa nunua alkalaini.

Hatua ya 2, kuweka. Usichanganye jipya na la zamani wala aina mbili, lile dhaifu linaisha kwanza halafu wenzake wanaendelea kulisukuma mpaka linavuja. Badilisha yote kwa mpigo. Yaliyochoka kwenye tochi usiyatupe haraka, peleka kwenye saa ya ukutani, saa inakula umeme kidogo mno. Na kifaa usichokitumia TOA BETRI, hapo ndo redio ya mama ingepona.

Hatua ya 3, ikivuja. Vaa glavu. Alkalaini inaacha unga mweupe, chukua mswaki wa zamani na ndimu au siki, sugua taratibu utaona unatoa povu, futa, kausha. Za kaboni kitambaa chenye unyevu kinatosha. Usijishike macho.

Hatua ya 4, kutupa. Usichome, betri ikipata moto inapasuka. Tafuta chupa ya plastiki kavu yenye kifuniko, weka humo mbali na watoto. Zile za kifungo (ndogo bapa kama shilingi), za lithiamu na za volti 9 zibandike selotepu kwenye ncha kwanza, maana hata "zimeisha" bado zinaweza kuwasha karatasi. Walioko Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za elektroniki, ulizia kabla ya kwenda. Ukikosa kabisa pa kupeleka, chupa yako ya mawe ya kawaida iende na gari la taka ikiwa imefungwa. Betri ya simu iliyovimba usiitie humo, iweke kwenye kopo la mchanga nje ya nyumba, usiitoboe, mpelekee fundi simu.

MASWALI

Swali: Mkuu, sisi tunayaanika juani yanapata nguvu tena, kuna ubaya?
Jibu: Joto linaamsha kemikali iliyobaki, unapata dakika chache tu. Zinki ishaliwa, ndo hapo yanakutemea ndani ya redio. Kuyachemsha au kuyang'ata ni hatari zaidi.

Swali: Kijijini hakuna gari la taka, tunatupia chooni.
Jibu: Hapana ndugu yangu, kikopo kitaoza na vilivyomo vitashuka ardhini, na kisima chenu kinaweza kuwa jirani. Kusanya kwenye chupa, atakayekwenda mjini abebe.

Swali: Shuleni tulikuwa tunaambiwa tulete mawe, tunaponda ule unga mweusi tunapaka ubao. Una madhara?
Jibu: Mimi pia nimeponda sana. Ule unga una manganizi, vumbi lake ukilivuta muda mrefu linaharibu mishipa ya fahamu. Mtoto asipewe hiyo kazi.

Swali: Mwanangu wa miaka 2 anachezea rimoti ya gari, ina kibetri kama shilingi. Akimeza?
Jibu: Dada, kimbia hospitali saa hiyohiyo usisubiri dalili, kikikwama kooni kinaunguza nyama ndani ya masaa 2. Usimtapishe, usimpe chakula. Kama ana zaidi ya mwaka 1 na asali ipo mkononi, mpe vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, mwisho mara 6, ila usipoteze hata dakika kuitafuta. Leo hii hakikisha kifuniko cha hiyo rimoti kina skrubu.