Kihisi cha unyevu kisicho na waya kwa ESP32, na pini iliyoninyima usingizi

Wiki iliyopita binamu yangu alinipigia simu ya video. Kihisi cha udongo kilikuwa kimechomekwa kwenye chungu cha maua, bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo sana yenye waifai) inawaka taa yake, na kwenye skrini namba 4095, ya juu kabisa ambayo bodi hiyo inaweza kusoma, inajirudia kama kasuku. "Kaka, nimebadilisha kihisi mara mbili na bado," akasema. Nilicheka, na si kwa dharau. Namba hiyo tunafahamiana. Iliwahi kunikalisha mezani tangu jioni hadi saa nane usiku. Nikamwambia achomoe waya kwenye pini ya 26 aupeleke 34. Akafanya hivyo, na namba zikaanza kucheza.

Nimeona niandike kazi yote, maana shida hiyo haiji peke yake. Tunachojenga ni kifaa kinachoamka kila nusu saa, kinapima unyevu wa udongo, kinautuma kwa waifai kwenye kompyuta yako, kisha kinalala.

Hatua ya 1: Vifaa

Tafuta bodi ya ESP32 ya kawaida yenye moduli ya WROOM, kihisi cha unyevu, nyaya za kuunganishia na kebo ya USB.

Kwenye kihisi sina mjadala: chukua cha aina ya kapasita, kile kilichopakwa rangi juu na kisicho na chuma kilicho wazi. Kile cha meno mawili ya chuma kinapitisha umeme ndani ya udongo wenyewe, na meno yanaliwa na kutu mpaka namba hazina maana tena. Ukishakipata cha kapasita, soma maandishi ya chipu ndogo iliyo juu yake. TLC555 inafanya kazi vizuri kwa volti 3.3. NE555 inataka angalau 4.5, kwa hiyo ukiilisha 3.3 itakupa majibu ya kilevi.

Kuhusu kebo: zipo nyingi ambazo zinachaji tu, hazina nyaya za data ndani. Bodi inawaka, kompyuta iko kimya. Badilisha kebo kwanza, ndipo uanze kuhangaika na draiva za CP2102 au CH340, chipu za USB zilizo kwenye bodi.

Hatua ya 2: Programu

Natumia VS Code, programu ya kuandikia msimbo, na PlatformIO, kiongezi chake cha bodi kama hizi. Najua wengi wanaanza na Arduino IDE na haina ubaya, lakini ukirudi kwenye kazi yako baada ya miezi sita utajiuliza ulitumia maktaba gani, na jibu hutalipata. PlatformIO inaandika kila kitu kwenye faili moja, platformio.ini:

```
[env:esp32dev]
platform = espressif32
board = esp32dev
framework = arduino
monitor_speed = 115200
lib_deps = knolleary/PubSubClient
```

Ukimpa mtu folda hiyo, anabonyeza mara moja na kila kitu kinajipakua. Ukipakia programu na ikakwama kwenye vidoti vya "Connecting", shikilia kitufe cha BOOT mpaka vidoti viishe.

Hatua ya 3: Nyaya

GND (upande hasi wa umeme) kwa GND. Waya wa umeme wa kihisi (VCC) uende pini ya 25, sio 3V3. Sababu utaiona kwenye Hatua ya 7, ya usingizi. Waya wa majibu (AOUT) uende pini ya 34. Sio nyingine. Tatu nne.

Hatua ya 4: Kwa nini 34

Hapa ndipo usiku wangu ulipoteketea, kwa hiyo nivumilie.

Nilianza kama watu wote: nikachomeka kihisi kwenye pini ya 26 kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, nikaandika programu fupi ya kusoma tu. Kihisi hewani kilitoa kama 2800, kwenye glasi ya maji kikashuka kama 1200. Nikafurahi. Nikaongeza mistari ya waifai, nikapakia tena, na papo hapo: 4095, 4095, 4095. Nikikitia majini, 4095. Nikikitoa, 4095.

Nilishuku kihisi kimekufa, nikaweka kingine. Nikashuku umeme, kwa sababu ESP32 ikirusha mawimbi inaweza kuvuta zaidi ya miliampea 200 kwa mpigo mmoja, nikaweka kapasita kubwa kwenye njia ya umeme. Nikashuku nyaya, nikalehemu upya. Nikashuku maktaba. Kila nilichogusa kilikuwa kizima. Mwishowe, kwa uchovu tu, nikafuta mstari mmoja wa `WiFi.begin` na kihisi kikafufuka. Nikaurudisha, kikafa. Nikaufuta, kikafufuka. Hapo ndipo nilipofungua nyaraka za chipu, jambo ambalo ningelifanya saa mbili usiku.

ESP32 ina vipimio viwili vya kugeuza volti kuwa namba. Kimoja kinaitwa ADC1, cha pili ADC2. ADC2 kinatumiwa na waifai yenyewe, kwa hiyo waifai ikiwaka, wewe hukipati tena kwa uhakika. Haya yameandikwa wazi kwenye nyaraka. Kosa lilikuwa langu. Pini za ADC2 ni 0, 2, 4, 12, 13, 14, 15, 25, 26 na 27. Ukiangalia bodi utaona hizo ni karibu zote zinazokaa mahali pa kuvutia. Pini za ADC1 ni 32 hadi 39. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani: kama kuna waifai, soma kwa 32 hadi 39 tu.

Hata hizo zina masharti yake.

Pini za 34 hadi 39 ni za kupokea tu. Huwezi kuwasha taa nazo, na hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu wala chini, kwa hiyo pini isiyochomekwa kitu itakuonyesha namba za ovyo zinazopandapanda. Usidhani umepata kihisi kinachofanya kazi! Chomoa waya uone kama namba "zinafanya kazi" hata bila kihisi. Pini za 37 na 38 kwenye bodi nyingi hazijatolewa nje kabisa. 36 na 39 mara nyingi zimeandikwa VP na VN, ndiyo maana watu wanazitafuta hawazioni.

Kama bodi yako ni ndugu wa ESP32, namba hizi si zake. Kwenye S3, ADC1 ni pini za 1 hadi 10. Kwenye C3 ni 0 hadi 4. Nimeona mtu akinakili mchoro wa ESP32 ya kwanza kwenye C3 akitafuta pini ya 34 ambayo haipo.

Na kama umeshalehemu kila kitu kwenye pini ya ADC2 na huna moyo wa kubomoa, kuna mlango wa nyuma: soma kihisi kabla ya kuwasha waifai. Kwa kifaa kinacholala na kuamka hilo linawezekana, kwa sababu kila kikiamka kinaanza upya waifai ikiwa imezimwa. Mimi nasoma kabla ya waifai hata nikiwa kwenye pini ya 34, kwani mawimbi yakianza kuruka vipimo vinatetemeka. Ila usiitumie pini ya 12 kwa kihisi hata kwa mlango huo wa nyuma. Chipu inaiangalia wakati wa kuwaka ili iamue volti ya kumbukumbu yake. Ikikuta imevutwa juu, bodi inaweza kukataa kuamka kabisa, na utadhani umeiunguza.

La mwisho kuhusu hili. Kipimio cha ESP32 si sahihi sana karibu na sifuri na karibu na kilele. Kwa udongo wa maua haijalishi. Kama unataka vipimo vya kujivunia, ongeza ADS1115 ya nje, yenye biti 16, usahau ADC1 na ADC2 zote.

Hatua ya 5: Dalali wa ujumbe

Ujumbe tunautuma kwa MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe mfupi. Ulibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ilikuwa na gharama, ndiyo maana unawafaa vifaa vidogo hivi. Katikati anakaa dalali: kihisi kinampa yeye habari, na anayeitaka anamuomba yeye. Muuzaji na mnunuzi hawaonani.

Dalali wangu ni programu iitwayo Mosquitto, nimemweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Sipendi kupeleka habari za chungu changu kwenye seva ya mtu mwingine, siku akifunga biashara chungu kinakuwa bubu.

Angalizo moja. Kuanzia toleo la 2.0, Mosquitto asipopewa maelekezo anasikiliza kompyuta aliyomo tu. ESP32 itagonga mlango na hakuna atakayefungua. Tengeneza nywila, kisha mwambie asikilize:

```
mosquitto_passwd -c /etc/mosquitto/nywila bustani
```

Kwenye faili la mipangilio ongeza:

```
listener 1883
password_file /etc/mosquitto/nywila
```

Mwanzishe upya, halafu fungua dirisha la kusikiliza uliache wazi:

```
mosquitto_sub -h 192.168.1.20 -u bustani -P siri -t "udongo/#" -v
```

Anwani hiyo badilisha iwe ya kompyuta yako, na ruta iambie isiibadilishe. "bustani" ni jina la mtumiaji, na mahali pa "siri" weka nywila uliyotengeneza.

Hatua ya 6: Msimbo

```
#include <Arduino.h>
#include <WiFi.h>
#include <PubSubClient.h>

const int UMEME = 25;
const int SOMA = 34;
WiFiClient mtandao;
PubSubClient mteja(mtandao);

void setup() {
  pinMode(UMEME, OUTPUT);
  digitalWrite(UMEME, HIGH);
  delay(500);
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 20; i++) {
    jumla += analogRead(SOMA);
    delay(10);
  }
  digitalWrite(UMEME, LOW);
  int wastani = jumla / 20;

  WiFi.begin("jina_la_waifai", "nywila");
  unsigned long mwanzo = millis();
  while (WiFi.status() != WL_CONNECTED && millis() - mwanzo < 15000) delay(100);

  mteja.setServer("192.168.1.20", 1883);
  if (mteja.connect("chungu1", "bustani", "siri")) {
    mteja.publish("udongo/chungu1", String(wastani).c_str(), true);
    delay(200);
    mteja.disconnect();
  }
  esp_sleep_enable_timer_wakeup(30ULL * 60 * 1000000);
  esp_deep_sleep_start();
}

void loop() {}
```

`loop` iko tupu na ndivyo inavyotakiwa. Ile `delay(200)` baada ya kutuma usiifute: bodi ikilala mara tu baada ya kutuma, ujumbe unaweza kubaki mlangoni. "chungu1" ni jina la kifaa kwa dalali, na kila kifaa kiwe na lake. Vifaa viwili vyenye jina moja vitafukuzana siku nzima, kimoja kikiingia kingine kinatolewa.

Ikishindwa kuunganishwa kabisa, angalia ruta. ESP32 hii inaelewa waifai ya gigahezi 2.4 tu, mtandao wa 5 hauoni.

Hatua ya 7: Usingizi

Herufi ULL kwenye mstari wa usingizi si mapambo. Muda unahesabiwa kwa mikrosekunde. Nusu saa ni 1,800,000,000, inaenea kwenye namba ya kawaida ya biti 32. Saa moja ni 3,600,000,000, haienei, na bila ULL bodi italala muda wa ajabu. Binamu yangu aliifuta akisema "mbona inafanya kazi tu". Ni kweli, kwa nusu saa.

Sasa betri. Chipu yenyewe ikilala usingizi mzito inakunywa kama mikroampea 10. Bodi iliyoibeba ni habari nyingine: taa nyekundu, chipu ya USB na kidhibiti volti vinaendelea kunywa. Tuseme bodi nzima inakunywa miliampea 10 usingizini. Betri ya miliampea-saa 2000 inaisha ndani ya saa 200, siku 8 na ushee. Pima kwa mita yako kabla ya kuamini maandishi ya tangazo lolote. Kung'oa ile taa ni mwanzo mzuri. Kihisi nacho tumeshakizima, ndiyo maana kinalishwa na pini ya 25 badala ya 3V3: bodi ikilala, nacho kinakosa umeme.

Hatua ya 8: Kukipa maana

Namba inashuka kadiri udongo unavyolowa. Andika namba ya kihisi kikiwa hewani, kisha kikiwa kwenye maji mpaka kwenye mstari uliochorwa, sio zaidi ya hapo. Hizo mbili ndizo 0 na 100 zako. Kila kihisi kina zake, usiazime za mwenzako.

Kabla ya kukizika, paka rangi ya kucha kwenye kingo za ubao wake, tabaka mbili, maana kingo zilizokatwa hazina rangi na zinanyonya maji kidogo kidogo. Acha ikauke usiku mmoja. Ya binamu yangu ilikuwa ya zambarau, aliiomba kwa dada yake, na leo asubuhi chungu chake kimetuma 1640.