Chuo chenu kinaomba hadhi ya CAE? Anza na kazi za wanafunzi

Nafundisha usalama wa mitandao katika chuo kikuu kimoja cha jimbo, katikati ya Marekani, na kwa miaka miwili nilibeba maombi yetu ya hadhi ya CAE, yaani kituo cha umahiri wa kitaaluma katika usalama wa mitandao. Tangu hapo nimepigiwa simu na Watanzania na Wakenya kadhaa wanaofundisha huku. Kila mmoja amekabidhiwa kazi hiyo na mkuu wa idara yake, na swali ni lile lile: naanzia wapi? Naandika ili hata asiye na namba yangu apate jibu.

Kwanza, jua mnachoomba. CAE si ithibati. Ithibati chuo kinatakiwa kiwe nayo kabla ya kubisha hodi. CAE ni hadhi ya kitaifa inayosimamiwa na NSA, shirika la usalama wa taifa la Marekani, kwa vyuo vinavyofundisha ulinzi wa taarifa na mitandao. Mpango ulianzishwa 1998, na mwaka uliofuata vikatangazwa vyuo saba vya kwanza, Purdue, Iowa State na James Madison vikiwemo. Mwaka 2004 Wizara ya Usalama wa Ndani ikaingia kama mshirika. Enzi hizo chuo kililinganisha kozi zake na viwango vya mafunzo vya serikali, mstari kwa mstari, kuanzia kile chenye namba 4011. Ukikuta faili la namba hiyo kwenye kabati la idara, liache lilipo. Kipimo cha sasa ni vipengele vya maarifa (knowledge units), ambavyo kila mtu anaviita KU.

Kuna matawi matatu: ulinzi, utafiti na operesheni. Wengi wetu tunaomba la ulinzi, CAE-CD, na ndilo ninalolieleza hapa.

Maombi yana hatua mbili. Ya kwanza inapima programu, yaani ile shahada yenu. Iwe imeendeshwa kwa miaka mitatu angalau, na wawepo waliokwisha kuimaliza. Ikishapita ndipo mnaomba hadhi ya chuo kizima. Usijaribu kuzichanganya, ya kwanza peke yake inatosha kukukosesha usingizi.

Kwa shahada ya kwanza mnahitaji KU 22: tatu za msingi, tano za kiini, kumi na nne za kuchagua. Kwa stashahada ya miaka miwili ni 11. Za kiini zina njia mbili: ya kiufundi, yenye mitandao, kriptografia (usimbaji wa taarifa), mifumo ya uendeshaji, uandishi wa programu na ulinzi wa mtandao, au isiyo ya kiufundi, yenye sera, sheria, vihatarishi na usimamizi. Chagueni kwa kuangalia mnachofundisha kweli. Msichague njia kwa sababu inasikika vizuri kwenye kikao.

Sasa tufike penye kazi yenyewe. Utachora jedwali: kozi upande mmoja, matokeo yanayotakiwa na kila KU upande wa pili. Kila kisanduku unachokitia alama kiwe na ushahidi nyuma yake. Kaka mmoja wa Mombasa, aliyekwisha kukipitisha chuo chake, aliniambia kwenye simu: "Dada, usijaze jedwali kwa kumbukumbu. Jaza ukiwa umeshika karatasi mkononi." Sikumsikiliza. Nilijaza kwa kumbukumbu, jioni moja, nikafurahi kuona limejaa.

Kesho yake nikaanza kutafuta ushahidi wa kriptografia ya msingi. Mwenzetu anayefundisha somo hilo ni mwalimu hasa. Huwapa wanafunzi faili, wanalitia sahihi ya kidijitali, alama inayothibitisha kuwa faili halijaguswa, kwa programu ya OpenSSL, kisha anawaambia wabadilishe herufi moja tu na wahakiki tena. Uhakiki unakataa. Nimekaa nyuma ya darasa lake nikaona nyuso zinavyobadilika pale. Mwanafunzi akiona hivyo mara moja, hasahau maana ya sahihi. Lakini silabasi yake iliandika hivi: "Wiki ya 9: Usalama." Basi. Zoezi alilitoa ubaoni, hakuna karatasi ya maelekezo, na kazi za wanafunzi alikwisha kuzifuta. Mhakiki wa maombi hakuwepo darasani. Kwake yeye, somo lile halikufundishwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote: muhula mmoja kamili kabla ya kufungua fomu, pita kwa kila mwalimu ukae naye na silabasi yake. Pale penye neno moja, andikeni anachofundisha: funguo za siri na za wazi, hashi (alama fupi ya kutambua faili), sahihi, vyeti vya kidijitali. Zoezi lipewe namba na karatasi yake. Matokeo ya kujifunza yaandikwe kwa vitenzi vinavyopimika, mwanafunzi ataeleza, atasanidi, atachambua, kisha onyesheni mnavyoyapima na mlichorekebisha baada ya kupima. Wengine watanuna wakidhani unawakagua. Nenda na zoezi lao bora zaidi mdomoni, uwaambie unataka hilo lionekane.

La pili, ficheni majina. Mtaombwa sampuli za kazi za wanafunzi na transkripti zao, na sheria ya FERPA ya 1974 inalinda kumbukumbu hizo. Sisi tulifunika majina kwa visanduku vyeusi ndani ya PDF, tukaona tumemaliza. Usiku wa kuamkia siku ya kutuma, nikaburuta kipanya juu ya kisanduku kimoja, nikanakili, nikabandika kwenye ukurasa mtupu. Likaja jina kamili na namba ya mwanafunzi. Moyo ulinienda mbio. Walikuwa watoto wa watu, wametuamini, na sisi ndio walimu wao wa usalama. Tulirudia faili zote: tukachapisha, tukapaka wino mzito, tukaskani, tukajaribu tena kunakili kila ukurasa. Tumieni njia hiyo, au kifutio halisi cha programu kinachoondoa maandishi yenyewe, na mwisho mtu asiyehusika ajaribu kuyafukua. Kagueni pia jina la faili na taarifa za mwandishi zilizofichwa ndani yake.

Hatua ya pili ni ya viongozi zaidi. Wanataka barua yenye sahihi ya uongozi wa juu, kituo cha usalama wa mitandao chenye ukurasa unaoonekana kwenye tovuti, walimu wanaoendelea kujiongeza, kazi za kuifikia jamii, na mpango wa usalama wa chuo chenyewe. Huo mpango uko kwa watu wa TEHAMA, si idarani kwenu. Nenda kwao mapema, kwa adabu. Wana shughuli nyingi. Na mwombe mshauri anayetolewa na mpango wenyewe, mwalimu wa chuo chenye hadhi tayari. Aliyetusaidia sisi alisoma jedwali letu kwa siku tatu na kurudisha maswali ambayo yangetuangusha.

Mtauliza kama inafaa jasho lote hilo. Ufadhili wa masomo ya usalama wa mitandao wa Wizara ya Ulinzi hupitia vyuo vyenye hadhi hii tu. Ni wa raia wa Marekani, na hao sasa ni pamoja na watoto wetu. Nina mwanafunzi aliyezaliwa kambini Dadaab, aliyepata uraia akiwa sekondari, anayefanya kazi usiku ghalani ili alipe ada. Uwezo anao. Kilichokosekana kilikuwa karatasi za chuo chake.

Hadhi ikitoka hudumu miaka mitano, na kila mwaka mnatoa ripoti, kwa hiyo folda isifungwe. Wiki ya mwisho ya muhula huu, kabla walimu hawajasafiri, pita ofisi moja baada ya nyingine uchukue silabasi iliyotumika kweli, maelekezo ya kila zoezi, na kazi tatu zilizosahihishwa: nzuri, ya wastani na dhaifu. Ondoa majina siku hiyo hiyo.