Jinsi ya kufunga ramo da espiga, shada la mlangoni la Wareno

Ukiwa Lisbon mwezi wa tano kuna Alhamisi moja utaona watu wamejaa barabarani wanauza vishada vidogo vya ngano na maua mekundu, basi hiyo ndo Quinta-feira da Espiga, Alhamisi ya Suke, na inaangukia sikukuu ya Kupaa Bwana, yaani hesabu siku 40 ukianzia Pasaka yenyewe (2026 ni 14 Mei, 2027 ni 6 Mei). Kununua sawa tu, ila mi nakwambia shada tamu ni lile ulilochuma mwenyewe shambani, ukiweza nenda.

Nenda mchana. Wazee wa kule wanaiita saa sita hadi saa saba kuwa ni saa ambayo kila kitu kinasimama, maji ya kijito hayatembei, maziwa hayagandi, unga wa mkate hauumuki, na ukichuma muda huo ndo shada linakuwa na nguvu. Jua kali lakini, vaa kofia, na kama shamba lina mwenyewe piga hodi kwanza.

Anza na masuke ya ngano, ndo roho ya shada, bila suke hakuna espiga. Suke ni mkate, nyumba isikose chakula. Yatakuwa bado mabichi, usijali, yatakaukia ukutani. Ongeza tawi la mzeituni, hilo ni amani na pia mwanga maana zamani taa ziliwaka kwa mafuta yake, alafu rozmari ya afya, kijitawi cha mzabibu cha furaha, na malmequer, yale maua madogo ya njano na meupe, ambayo ni dhahabu na fedha.

Sasa papoila, yaani ua la popi, lile jekundu la mapenzi na uhai, hii ndo inasumbua watu kwelikweli. Ua lake laini kama karatasi ya sigara, ukilichuma mapema ukafika nyumbani limeshalala na petali zimebaki njiani. Kwahiyo lichume mwisho kabisa, chagua ambalo ndo kwanza linataka kufunguka, na choma ncha ya kikonyo kwa kiberiti sekunde chache utomvu uzibe, hapo litakaa kaa.

Kufunga ni rahisi, masuke na mzeituni nyuma maana ni virefu, rozmari na mzabibu katikati, maua mbele, kaza kwa uzi au utepe lakini kaza haswa coz vikonyo vikikauka vinasinyaa na shada zima linachomoka.

Litundike nyuma ya mlango, kichwa chini, na usiliguse mwaka mzima hata likiwa kama nyasi kavu. Radi zikipiga sana kuna nyumba wanachomoa kipande wanakitupia motoni ili nyumba isalimike. Alhamisi ya mwaka unaofuata toa la zamani, tundika jipya msumari uleule.