Kuunda kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza ukiwa Tabora

Kama unakaa Tabora na unataka kuunda kompyuta yako mwenyewe kwa mara ya kwanza, jua mapema kwamba kufunga vifaa ni kazi ya jioni moja tu, mtu yeyote anayeweza kushika bisibisi na kusoma kitabu cha maelekezo anaiweza. Ugumu uko kabla ya hapo, kwenye kuchagua vifaa vinavyoendana, kwasababu vingi utaagiza Kariakoo vije kwa basi kilomita 800 na ushee, na ukikosea soketi (kikalio cha prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta) au aina ya ramu (kumbukumbu ya muda mashine ikiwa kazini) huwezi kutoka hapo Isevya ukakimbia dukani kubadilisha, unarudisha mzigo Dar kwa nauli yako alafu unasubiri mwingine uje, na kuna wauzaji wakishaona boksi limefunguliwa hawataki hata kusikia. Kwahiyo kwenye kuchagua ntakaa sana, huko ndiko hela za watu zinapotea.

Kwanza jiulize mashine ni ya kufanya nini. Kama ni ya steshenari, kuchapa, kuprinti, kusoma, kuangalia video na magemu mepesi, huhitaji kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye monita) kabisa, chukua prosesa yenye grafiki ndani yake. Mfano mzuri ni Ryzen 5 5600G ya AMD, ilitoka 2021, ina kore 6, inatumia umeme kidogo na boksi lake linakuja na feni yake. Angalia sana herufi ya mwisho kwenye jina: Ryzen 5 5600 isiyo na G haina grafiki, na upande wa Intel yoyote yenye F mwishoni, mfano i3-12100F, nayo haina, maana yake ukiinunua bila kadi monita itabaki nyeusi hata kama umefunga kila kitu sawasawa. Bei yake inavutia kwasababu iko chini kidogo, na muuzaji hakuambii usipouliza.

Prosesa na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, lazima ziwe soketi moja. 5600G inakaa kwenye soketi inayoitwa AM4, kwahiyo unatafuta mazabodi ya aina ya A520 au B550. Ukiona B450 ya bei poa inaweza kufanya kazi lakini muulize muuzaji kama baiosi (programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine) imeshapandishwa kukubali prosesa za Ryzen 5000, kama haijapandishwa inaweza isiwake kabisa na hapa kumpata mtu mwenye prosesa ya zamani ya kukuazima ili uipandishe ni mtihani. Intel za kizazi cha 12 mpaka 14 zinakaa LGA1700, na hapo kuna mtego mwingine, mazabodi za LGA1700 ziko za ramu ya DDR4 na ziko za ramu ya DDR5, ramu za aina moja haziingii kwenye ya pili, mkato wa katikati uko sehemu tofauti. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, yenyewe ni DDR5 tu. Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi, tafuta jina kamili la hiyo bodi, utakuta orodha ya prosesa inazokubali na namba ya baiosi inayotakiwa. Ni dakika tano na bando kidogo sana.

Ramu chukua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, maana hiyo grafiki inakula ramu ya kompyuta na vijiti viwili vinafungua njia mbili kwa pamoja, kwenye gemu utaona tofauti kwa macho. Diski chukua SSD ya NVMe (diski ya kasi yenye umbo la kijiti kinacholala kwenye bodi) ya GB 500, basi. Diski ya zamani ya kuzunguka (hard disk) iache iwe ya kuhifadhia vitu, usiweke Windows humo.

Sasa pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, na hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu ndiyo kifaa watu wanachobania hela na ndicho kinachoweza kuua vingine vyote. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, 500W, 600W, usiiamini peke yake. Tafuta stika yenye jedwali, angalia mstari wa +12V una ampea ngapi, zidisha kwa 12. Ukikuta imeandikwa 600W lakini 12V ina ampea 20, hiyo ni wati 240 tu kwenye mstari unaolisha prosesa na kadi. Ya 450W iliyo ya kweli utakuta 12V ina ampea 36 hivi au zaidi. Mashine ya 5600G bila kadi haifiki hata wati 200, kwahiyo 450W nzuri inatosha na inabaki. Ukitaka kuweka kadi baadaye, RX 6600 wenyewe AMD wanashauri 450W, RTX 3060 Nvidia wanashauri 550W, kwahiyo nunua ukifikiria mbele.

Kitu kingine kwenye hiyo stika ni volti za kuingia. Ikiandikwa 100-240V chukua, hiyo inavumilia umeme ukishuka, na mtaani kwetu jioni watu wote wakiwasha vitu umeme unashuka mpaka taa unaiona. Ikiandikwa 200-240V tu, umeme ukiwa mdogo mashine itajizima katikati ya kazi. Na zipo za bei ya chini zenye kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230, hiyo kabla hujachomeka chochote hakikisha kinasoma 230, ukikiacha 115 ukachomeka kwenye umeme wetu inalipuka papo hapo. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nayo weka kwenye bajeti toka mwanzo, hata ya 650VA, sio ya kufanyia kazi saa nzima, ni ya kukupa dakika chache usevu na kuzima vizuri.

Kasha unaweza kununua hapahapa mjini pamoja na monita, kibodi na mausi, maana kasha ni kubwa na kulisafirisha ni gharama ya bure. Tafuta lenye wavu mbele wa kuchuja vumbi. Kiangazi cha Tabora unakijua, kuanzia Mei mpaka Oktoba vumbi linaingia mpaka kwenye kabati lililofungwa, kwahiyo weka feni mbili mbele za kuingiza hewa na moja nyuma ya kutoa, hewa ikiingia nyingi kuliko inayotoka basi vumbi linapita kwenye wavu badala ya kuingilia kila tundu. Hakikisha na saizi, bodi kubwa ya ATX haiingii kwenye kasha dogo la micro-ATX.

Kuna wazo la kuchukua Dell OptiPlex au HP ya mtumba na kuibadilishia vitu ndani. Kwa kazi za ofisi ni wazo zuri tu na ntakushauri ufanye kama hela ni ndogo, lakini jua nyingi kati ya hizo zina pawa saplai na plagi zao wenyewe ambazo sio za kawaida, hasa zile nyembamba, kwahiyo huwezi kuja kuweka kadi kubwa au kubadilisha bodi.

Wakati wa kuagiza Dar mwambie muuzaji akupigie video kol aiwashe mbele yako kama vifaa ni vya mtumba, akuonyeshe pini za prosesa moja moja kama ni AM4 (pini ziko kwenye prosesa yenyewe) au pini za soketi kama ni Intel, akupigie picha ya serial namba na akuandikie risiti yenye siku za waranti. Kama kadi ya grafiki au feni kubwa imefungwa kwenye bodi aitoe, isafiri peke yake, matuta na mashimo ya barabarani yanaweza kung'oa hata soketi.

Vitu vikifika, tafuta meza ya mbao ndani ya nyumba. Sio juu ya zulia, na sio uani chini ya mwembe hata kama kuna kibaridi kizuri, upepo mmoja tu umejaza vumbi kwenye soketi. Kiangazi hewa ni kavu na mwili unabeba chaji ya umeme, ile inayokupiga ukivua sweta, kwahiyo kila baada ya muda shika chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa bodi.

Usianze kufunga ndani ya kasha. Weka mazabodi juu ya boksi lake, funga prosesa, feni, ramu na diski hapo nje, washa uone inawaka, ndipo uingize ndani. Ukifunga kila kitu ndani alafu haiwaki hujui pa kuanzia.

Prosesa ya AM4 inua kile kijiti cha pembeni mpaka kisimame wima, tafuta pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa ilingane na alama ya kwenye soketi, iachie idondoke yenyewe, usikandamize hata kidogo, alafu shusha kijiti. Ikikataa kukaa itoe uangalie pini. Kwenye LGA1700 usiguse zile pini za kwenye bodi, na wakati wa kushusha kile kijiti utatumia nguvu na utasikia mlio wa kukwaruza, usiogope, ndivyo ilivyo.

Feni ya boksi ya Ryzen inakuja na pesti (ule uji wa kupitisha joto kutoka prosesa kwenda feni) imeshapakwa chini, usiiguse na usiongeze nyingine. Kama feni yako haina, weka pesti kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Kwa hizi za skrubu nne utatoa kwanza vile vishikizi vya plastiki vya kwenye bodi, na shikilia kile kibati cha nyuma kisidondoke, alafu kaza skrubu kwa mshazari, kidogo huku kidogo kule, usikaze moja mpaka mwisho. Waya wa feni unaenda palipoandikwa CPU_FAN.

Ramu, kama kuna nafasi nne, vijiti viwili weka nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kandamiza mpaka usikie ta! Wanaoanza wengi wanaogopa hapa, wanaacha ramu imekaa nusu na monita haionyeshi kitu. SSD ya NVMe inaingia kwa mshazari, inalazwa na kufungwa kiskrubu kimoja kidogo sana, usikipoteze.

Chomeka plagi kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8 kule juu karibu na prosesa. Hii ya 8 inasahaulika mno. Inafanana na ya kadi ya grafiki lakini ya prosesa inagawanyika nne na nne, ya kadi ni sita na mbili, isipoingia kirahisi ujue sio yenyewe. Na kama pawa saplai ni ya waya za kuchomoa usichanganye waya za kampuni nyingine hata kama plagi inaingia, mpangilio wa ndani ni tofauti na unaunguza diski. Unganisha monita, alafu gusanisha kwa ncha ya bisibisi zile pini mbili za PWR SW (za swichi ya kuwashia) kwa sekunde moja. Umeme wa hapo ni mdogo, haukudhuru.

Ikiwaka ukaona baiosi, zima, chomoa umeme, hamia kwenye kasha. Isipowaka, toa ramu urudishe, jaribu kijiti kimoja kimoja, angalia vitaa vidogo kwenye bodi vya CPU, DRAM, VGA na BOOT, kinachobaki kinawaka ndicho chenye shida. Kwa AM5 subiri, mara ya kwanza inaweza kukaa dakika kadhaa nyeusi ikijipima ramu.

Kwenye kasha anza na kile kibati cha nyuma cha matundu, kama bodi haijaja nacho imekishikilia. Vile vinguzo vya shaba vinavyoinua bodi hakikisha viko sawa na matundu ya bodi, kilichozidi kitoe kwasababu kitagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Waya ndogo za kasha fuata kitabu cha bodi ukurasa wa F_PANEL, za swichi hata ukigeuza sio shida, za taa ukigeuza haziwaki tu. Kama una kadi ya grafiki, waya wa monita unachomekwa kwenye kadi, sio kwenye bodi.

Ukiwasha bonyeza Delete au F2 uingie baiosi. Angalia ramu zote zimesomeka, washa XMP au DOCP ili ramu ikimbie kwa spidi uliyolipia, na tafuta sehemu inayosema mashine ifanye nini umeme ukirudi, weka ibaki imezima. Umeme wetu mara nyingi unarudi unakata tena, hutaki iwake yenyewe kila mara.

Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo weka Windows 11, inahitaji TPM 2.0 (kitu cha usalama) ambayo kwenye hizi bodi imo ndani ya baiosi, kama hujaikuta imewashwa iwashe. Faili lake ni zaidi ya GB 5, lipakue usiku kama una bando la usiku, uweke kwenye flashi ya GB 8. Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, nayo ni bure na inafanya kazi vizuri kabisa. Bodi nyingi za bei ya kati hazina Wi-Fi, usihangaike, unganisha simu kwa waya wa USB uwashe kushea intaneti kwa USB, kompyuta itaingia mtandaoni na draiva zilizobaki utazipakua. Maboksi na risiti vitunze mpaka waranti iishe, na wiki ya kwanza ipe kazi nzito kila siku huku ukiangalia joto la prosesa, 5600G mwisho wake ni nyuzi 95, ukiona inakaa juu ya 90 fungua ukaze feni upya.