Injini ya Boti Ikigoma Kuwaka, Pima Waya Hasi Kwanza

Boti inayolala majini Msasani au Kunduchi, Dar es Salaam, hupigwa na hewa ya chumvi usiku na mchana, na kwa uzoefu wangu hitilafu nyingi za umeme wa injini huanzia kwenye maungio ya nyaya, si kwenye stata, yaani mota ya kuzungusha injini iwake, ambayo watu hukimbilia kuinunua. Kwa mita ya volti, pima kwanza betri ya volti 12 ikiwa imepumzika. Iliyojaa husoma takribani 12.6. Kisha mwenzako azungushe ufunguo huku ukiangalia mita, na ikishuka chini ya 9.6, chaji betri na upime upya.

Betri ikiwa nzima na stata bado inazunguka kwa uvivu, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako awashe tena. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea katika waya hasi, ule unaotoka nguzo hasi ya betri hadi kwenye injini, au maungio yake. Niliwahi kuchana ganda la waya ulioonekana mpya kabisa, nikakuta nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani, karibu shibiri nzima kutoka kwenye kichwa chake. Waya wa namna hiyo ubadilishwe wote, kwa wenye shaba iliyopakwa bati, na maungio yapakwe grisi baada ya kukazwa.

Injini ya petroli ikiwa ndani ya boti, fungua vifuniko mvuke wa petroli utoke kabla ya majaribio haya yote, kwa kuwa cheche moja hutosha kuilipua boti.