SOMO: Jinsi ya kuunda modeli ya meli ya matanga ya mbao, kazi yenyewe iko kwenye mataruma

Habari zenu wadau. Hili somo ni kwa yule aliyenunua au anayetaka kununua boksi la modeli ya meli ya matanga, zile za mbao zenye mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake) ya plaiwudi halafu unavalisha papi (vipande virefu vyembamba vya mbao) juu yake, siyo za plastiki. Nitaenda hatua kwa hatua ila niseme mapema kabisa, hatua zote sitazipa uzito sawa, maana kuna sehemu moja ndo inaamua kama ubavu utatoka umenyooka au utatoka na mabonde, na ndo hiyohiyo watu wanaipita mbio: kusawazisha mataruma kabla hujabandika hata papi moja. Ukiona modeli imependeza ubavuni jua kuna mtu alikaa na msasa muda mrefu sana kabla hajagusa papi.

HATUA YA 1: Kagua boksi
Hesabu vipande kwa kufuata orodha, na kila kipande kiandike namba yake kwa penseli kabla hujakitoa kwenye ubao wake, ukishavitoa vyote bila namba utajuta. Vifaa havina mambo mengi: kisu chenye makali, rula ya chuma, msasa namba 80, 120 na 240, tupa ndogo, kibano, vibanio vya nguo vya kutosha na gundi nyeupe ya mbao.

HATUA YA 2: Mkuku wa ndani
Ule ubao mrefu wa plaiwudi unaobeba mataruma yote uweke juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa, uutazame kwa jicho moja toka omo (mbele) mpaka shetri (nyuma). Kama umepinda, ulowanishe kidogo, ubane katikati ya mbao mbili zilizonyooka, weka uzito juu uache mpaka ukauke kabisa. Usijiambie utanyooka wenyewe mbele ya safari, hautanyooka, meli itakuja kuwa na shingo ya pembeni.

Halafu kuna hili la unene ambalo plani nyingi zinalisema kwa mstari mmoja tu. Chukulia mkuku wa ndani una milimita 5 na mkuku wa nje utakaoonekana nao una milimita 5. Papi zinavalishwa safu mbili, za kwanza zina milimita 1.5, za pili 0.5, kwahiyo kila upande unaongeza milimita 2, pande zote mbili 4. Maana yake ukingo wa mkuku wa ndani pale chini papi zinapoishia inabidi uupunguze mpaka ubaki kama milimita 1 hivi, ili ukishavalisha ulingane na mkuku wa nje. Usipofanya hivyo papi zitajitokeza nje ya mkuku na hakuna msasa utakaoficha. Fanya hii kazi kabla hujagundisha mataruma, baadae mkono hauingii.

Mataruma yaingize makavu kwanza bila gundi. Yaingie kwa kusukuma kidogo tu, yakikaza sana panua tundu kidogo kwa tupa, ukilazimisha unaupinda mkuku. Hakikisha kila taruma limesimama pembe mraba na mkuku, jaribu na sitaha (sakafu ya juu ya meli) uone kama inakaa, ndo uweke gundi.

HATUA YA 3: Kusawazisha mataruma (hapa tulieni)
Mataruma yanakuja yamekatwa kingo za mraba lakini ubavu wa meli unajikunja kuelekea omo na shetri, kwahiyo papi ikipita juu ya taruma la mbele inagusa kona tu, haigusi ukingo mzima. Kazi yako ni kuukata ule ukingo mshazari ili papi ilale juu yake yote.

Paka penseli ukingo mzima wa taruma. Kwa mataruma ya omo unaondoa upande unaotazama mbele, kona inayotazama katikati ya meli usiiguse maana hiyo ndo inabeba umbo. Kwa ya shetri kinyume chake. Tumia msasa namba 80 uliogundishwa kwenye kijiti kirefu kinachofika mataruma matatu kwa pamoja, usitumie kidole, kidole kinachimba. Saga mpaka penseli yote iishe ubaki mstari mwembamba tu kwenye ile kona, hapo simama.

Kisha chukua papi moja ilaze kwa mkono juu ya mataruma manne au matano bila kuibana kwa nguvu. Tazama kwa mwanga unaotokea nyuma. Ukiona mwanga unapenya kati ya papi na taruma basi taruma hilo liko chini, liongezee kipande chembamba cha papi halafu usage tena, ukiona papi inanyanyuka basi lililo chini yake limezidi. Rudia sitahani, rudia katikati, rudia karibu na mkuku, pande zote mbili. Omo penyewe ambapo mkunjo ni mkali jaza vipande vya mbao laini kati ya mataruma mawili ya kwanza, vinaipa papi mahali pa kushika.

HATUA YA 4: Papi za kwanza
Papi hazitoshi zikibaki na upana uleule toka mwanzo mpaka mwisho. Pima kwa ukanda wa karatasi kwenye taruma la katikati, toka sitaha mpaka mkuku. Tuseme ni milimita 100 na papi ina upana wa 5, unahitaji papi 20. Sasa pima taruma la omo, tuseme ni 60, gawa kwa 20 unapata 3, kwahiyo kila papi iwe inapungua toka 5 katikati mpaka 3 mbele. Usishuke chini ya nusu ya upana wake, ikitaka kushuka hapo basi kata papi moja iishie kabla ya omo, mbili zigeuke moja. Shetri mara nyingi ni kinyume, nafasi inazidi, unajaza kwa kipande chenye umbo la kabari.

Kuikunja, loweka kama nusu saa halafu tumia joto, pasi inatosha. Joto ndo linalolainisha mbao, maji yanasaidia tu isiungue. Ifunge mahali pake ikauke KABLA ya gundi, maana ubao uliolowa umevimba, ukiugundisha hivyo ukikauka unasinyaa na unaacha mwanya. Na bandika moja kulia moja kushoto, ukimaliza upande mmoja kwanza mwili mzima unavutwa.

HATUA YA 5: Papi za pili na sitaha
Za pili zinafuata utaratibu uleule, ni nyembamba kwahiyo zinatii. Kwenye sitaha pitisha penseli laini ukingo mmoja wa kila papi kabla ya kubandika, ule mstari mweusi ndo kalafati yako (ile ya kuziba mianya ya mbao kwenye meli halisi).

HATUA YA 6: Milingoti na kamba
Mlingoti uchonge uwe mwembamba kwenda juu. Uzi wote pitisha kwenye nta ya nyuki, unalala vizuri na hauchambuki. Kamba zisizosogea zinazoshikilia milingoti ni nyeusi kwasababu kwenye meli halisi zilipakwa lami, zile za kuvuta matanga na foromali (miti ya kulala inayobeba matanga) ni za kahawia hafifu. Kamba za ubavuni funga jozi ya kwanza kulia, inayofuata kushoto, hivyohivyo mpaka mwisho, mlingoti unabaki wima. Ngazi za kamba weka karatasi yenye mistari nyuma yake ufuate, kwa skeli ya 1:64 (modeli ndogo mara 64 kuliko meli halisi) mistari iwe milimita 6, na usikaze fundo sana, kamba za ubavuni zitavutana ndani zitengeneze kiuno.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nataka nianze na HMS Victory, ile meli ya kivita ya Waingereza, moja kwa moja, unanishaurije?
Jibu: Ndugu yangu ile ina milingoti mitatu na mizinga 104, kila kitu unakirudia mpaka unachoka kabla hujajua kukifanya vizuri. Anza na yenye mlingoti mmoja, au skuna ya milingoti miwili kama Bluenose ya Kanada ya mwaka 1921. Victory ipo tu, utaifikia.

Swali: Kwanini tusitumie supaglu kila mahali, si inakauka haraka?
Jibu: Tumia kwa nukta ndogo kushikilia tu. Ikimwagika kwenye papi za pili inaziba mbao, vanishi haiingii, unabaki na doa. Gundi nyeupe inakupa pia muda wa kurekebisha.

Swali: Mimi nishamaliza papi za kwanza, zina mianya omo na kabonde kamoja. Nibandue?
Jibu: Hapana dada, safu hiyo itafunikwa yote. Changanya vumbi la mbao na gundi nyeupe, jaza, ikauke, saga. Kabonde gusa kwa kiganja ukiwa umefumba macho, mkono unaona zaidi ya jicho. Usiendelee na za pili mpaka kiganja kisihisi kitu.

Swali: Kijana wangu ana pumu na nafanyia kazi sebuleni, vumbi lina shida?
Jibu: Lina shida mzee wangu, hasa la mbao ya walnati linawasha mapafu hata ya asiye na pumu. Kusaga kafanyie nje au chumba kingine, vaa barakoa, futa kwa kitambaa chenye maji usifagie. Kazi za kamba ndo uzirudishe sebuleni.

Swali: Nitajuaje uzi wa boksi ni mnene kupita kiasi?
Jibu: Kata mtu wa karatasi. Baharia wa mita 1.7 kwa skeli ya 1:64 ana milimita 27 hivi, msimamishe sitahani karibu na kamba. Kamba ndogo ya kuvuta ikiwa nene kama mkono wake, badilisha uzi.