Fomu Siksi umemaliza: uombe vyuo vikuu vingapi?

Jawabu fupi ni vinne au vitano. Anayetaka udaktari au famasi afike sita. Anayetaka ualimu, na matokeo yake ni mazuri, viwili vinamtosha. Lakini idadi peke yake haisemi kitu, kwani wapo wanaoomba vyuo saba wakakosa vyote, na wapo wanaoomba viwili wakachaguliwa vyote viwili. Tofauti yao iko katika kazi iliyofanywa kabla ya kufungua akaunti ya kwanza.

Mlango wa kuombea si mmoja tena. Mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ulioanza 2010, uliachwa 2017, na tangu hapo kila chuo hupokea maombi yake chenyewe, kwenye mtandao wake na kwa ada yake. TCU hutoa mwongozo wa udahili, hutangaza dirisha (muda wa kuomba) la kwanza na la pili, na huhakiki majina ya waliochaguliwa. Hakuna sheria inayokukataza kuomba vyuo kumi. Kinachokuzuia ni mfuko, na kichwa cha kuvifuatilia vyote kumi.

Anza na pointi, si na majina ya vyuo

Weka matokeo yako mezani. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi, nayo haihesabiwi kuwa prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, A hadi E. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, sharti la chini la kuingia shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, E mbili hazitoshi. Aliyepitia stashahada anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, na aombe mapema namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Aliyesoma mitaala ya nje, kama Cambridge, anahitaji ulinganisho wa NECTA, Baraza la Mitihani, na huo usisubiri dirisha lifunguliwe.

Hilo ni lango la nje tu. Kila programu ina mlango wake wa ndani, na umeandikwa katika mwongozo wa TCU wa mwaka huo: masomo yanayotakiwa, pointi za chini, miaka ya kusoma, idadi ya nafasi. Shusha mwongozo wa waliomaliza Kidato cha Sita. Wa wenye stashahada ni mwengine. Usitumie wa mwaka jana aliokurushia kaka yako kwenye WhatsApp, kwa sababu masharti hubadilika na programu nyengine huondolewa.

Tuseme mtoto wa PCB amepata Fizikia E, Kemia D na Baiolojia C. Jumla yake pointi 6. Anaona udaktari wa binaadamu unataka pointi 6, anafurahi, anaomba udaktari katika vyuo vinne. Vyote vinamkataa, wala hakuna aliyemdhulumu: sharti ni pointi 6 na tena isipungue D katika kila somo kati ya hayo matatu. Ile E ya Fizikia imemfungia mlango huo popote, chuo cha serikali na cha binafsi, Tunguu hapa Unguja na Mwanza kule Bara. Angeomba vyuo ishirini, jawabu lingekuwa hilo hilo. Kwa Kemia na Baiolojia zake angeweza kushindania shahada ya ualimu wa sayansi na kupata. Alichokosea ni kusoma jumla bila ya kusoma mstari mzima.

Kwa hiyo pita mwongozo na kalamu mkononi. Andika kila programu unayoipenda ambayo masomo yako yanaruhusu, halafu pembeni andika pointi zao za chini na zako. Ikiwa zako zimezidi kwa mbili au zaidi na nafasi ni nyingi, hiyo ni programu ya uhakika. Ikiwa zimezidi kwa moja, mnalingana. Ikiwa ziko sawasawa na za chini, au nafasi ni chache na kila mtu anaitaka, hiyo ni ya kujaribu. Pointi za chini hukuruhusu kuingia kwenye mashindano tu. Chuo huchagua kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi zijae. Kwa udaktari, walioko juu ni wengi kila mwaka.

Mgao unaofaa ni huu: chuo kimoja cha uhakika, viwili mnavyolingana, kimoja au viwili vya kujaribu. Hapo ndipo inapotoka idadi ya vinne au vitano. Na kile cha uhakika kiwe chuo ambacho kweli utakwenda. Mtu anajaza chuo asichokitaka "kwa tahadhari tu", kinamchukua, halafu anakaa nyumbani mwaka mzima akisema hakupata. Kama huendi, usikihesabu.

Hesabu nafasi, si vyuo

Fomu za vyuo vingi hukuruhusu kuchagua programu zaidi ya moja, kwa mpangilio wa unavyozipenda. Vyuo vitatu vyenye programu tatu tatu ni nafasi tisa. Lakini ukijaza udaktari, famasi na maabara kote kuanzia juu mpaka chini, tisa hizo zimesimama juu ya mguu mmoja: pointi zako za sayansi zikiwa chache, nafasi zote zinaanguka pamoja. Chaguo la mwisho katika kila chuo liwe la uhakika. Hiyo ni tahadhari unayoipata bila ya kulipa ada nyengine.

Aliye hapa visiwani aanze na vilivyo karibu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), chenye makao makuu Tunguu, kina programu nyingi zaidi, ikiwemo udaktari. Chuo Kikuu cha Zanzibar, nacho Tunguu, ni cha binafsi na kinafahamika kwa sheria na biashara. SUMAIT iko Chukwani, na mizizi yake ni ualimu. Ukitaka sheria au ualimu unaweza kupata vyuo viwili au vitatu bila ya kuvuka maji. Ukitaka udaktari, huwezi: baada ya SUZA lazima uangalie Bara, kama MUHAS Dar es Salaam, UDOM Dodoma au CUHAS Mwanza. Anayetaka kilimo ataitazama SUA ya Morogoro, na anayetaka usanifu majengo au upimaji ardhi ataangalia Chuo Kikuu Ardhi. Ndiyo maana idadi ya mtu wa udaktari ni kubwa na ya mtu wa ualimu ni ndogo. Programu ndiyo inayoamua.

IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India kilichofungua tawi lake Zanzibar 2023, ina mtihani wake wa mchujo. Ukiitaka, iweke nje ya hesabu hii na uifuatilie kwa ratiba yake.

Fedha ya kuombea na fedha ya kusomea

Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000, hulipwa kwa simu kwa kutumia namba ya malipo unayopewa na mfumo. Vyuo vitano ni 50,000. Ongeza bando, kuchapisha na kuskani vyeti. Ukiomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Muungano, ada yake imekuwa 30,000. Ukiwa na 60,000 kwa jumla, vyuo viwili na mkopo ni bora kuliko vyuo sita bila ya mkopo.

Fedha ya kusomea ndiyo nzito, na ijadiliwe na wazee kabla ya kuomba, si baada ya kuchaguliwa. Kaeni muandike kwa kila chuo: ada ya mwaka, dahalia au chumba, chakula, boti na basi. Mtoto wa Wete, Pemba, anayesoma Tunguu bado atalipa meli na chumba. Anayesoma Dodoma ataongeza boti ya Dar na safari ya ndani. Nyumba inayotegemea karafuu ijiulize pia fedha itaingia lini, kwa sababu chuo kinaweza kudai ada mafungu ya mwisho hayajapimwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Chuo ambacho nyumba haiwezi kukilipia hata kwa mkopo kitoke kwenye orodha, hata kama ni kizuri kiasi gani.

Mkopo una milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na HESLB ya Muungano. Soma masharti ya kila moja kwa mwaka wako, na usitegemee kulipwa na zote mbili kwa pamoja. Kwa HESLB, cheti chako cha kuzaliwa, na cha kifo cha mzazi kama kipo, lazima kihakikiwe kwanza: aliyezaliwa Zanzibar kupitia ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, aliyezaliwa Bara kupitia RITA, wakala wa huko. Na namba ya mtihani wa Kidato cha Nne utakayoombea mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akitumia hii huku na ile kule, mifumo inamuona watu wawili, na mkopo wake haumfikii.

Majina nayo yatazame. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa majina matatu, cheti cha NECTA kina mawili na herufi moja katikati, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina "Mohammed" na cheti kina "Muhammad". Anza kurekebisha tangu mtihani wa Mei umalizike, kabla ya matokeo, ambayo kwa kawaida hutoka Julai, na foleni kuwa ndefu.

Daftari moja, laini moja

Vyuo vingi vikizidi uwezo wako wa kuvifuatilia, vinakudhuru. Kila chuo ni akaunti, jina la kuingilia, neno la siri na tarehe zake. Nunua daftari dogo, kila chuo kipewe ukurasa wake: jina la kuingilia, neno la siri, namba ya malipo na risiti, programu ulizojaza kwa mpangilio, tarehe ya majibu. Usiridhike na picha ya skrini kwenye simu ambayo kesho itaanguka baharini.

Wengi hujaziwa fomu kwenye duka la steshenari. Hakuna ubaya, lakini mwambie mwenye duka aandike namba yako ya simu na barua pepe yako, na uangalie kwa macho yako akiandika. Wapo wanaoweka namba yao ili kazi iende haraka. Ujumbe wa kuthibitisha unapokuja, unaingia kwenye simu ya mtu aliyejaza fomu za watu mia, nawe uko Micheweni unasubiri. Epuka pia wakala anayekuahidi nafasi kwa fedha. Maombi huenda chuoni moja kwa moja.

Kuthibitisha ndiko kunakowapotezea nafasi walioomba vyuo vingi. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hujamaliza: lazima uchague kimoja na ukithibitishe ndani ya siku zilizotangazwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwa simu au barua pepe. Unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka na kuiweka hapo. Ikiwa namba haijafika, ingia kwenye akaunti hiyo hiyo uombe itumwe tena, na fanya hivyo siku ya kwanza. Amua mapema utachukua kipi: andika orodha yako ya kwanza hadi ya tano kwenye jalada la daftari, wazee wakiwa wameiona, ili siku ya kuthibitisha isiwe siku ya kuanza kubishana. Aliyesoma Bara akaitwa JKT aache daftari na laini kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma ujumbe na kufuata maelekezo.

Wanaotazama nje ya nchi hesabu yao ni nyengine. Uingereza, mfumo wa UCAS hukuruhusu machaguo matano, na kati ya hayo udaktari usizidi manne. Marekani, Common App, fomu moja ya pamoja ya vyuo vingi, inaruhusu hadi vyuo ishirini, lakini ada za maombi hulipwa kwa dola, na vyuo vingi hufunga mlango mwanzoni mwa Januari, miezi kabla hujafanya mtihani wa Mei. Maana yake utaomba kwa cheti cha Kidato cha Nne, alama za skuli na barua za walimu. Zaidi ya idadi, uliza kila chuo kama kinawapa wageni msaada wa fedha. Bila ya hilo hata kukubaliwa hakukupeleki.

Usilipe fedha yote dirisha la kwanza. Bakisha 20,000. Ukikosa, rudi kwenye mwongozo na orodha ya programu zilizobaki na nafasi, ambayo vyuo huitangaza kabla ya dirisha la pili, na safari hii anza na chuo cha uhakika, omba viwili tu, siku ya kwanza au ya pili ya dirisha. Usirudie programu ile ile iliyokukataa kwa pointi zile zile, na laini yako ya simu iwe hewani.